Mwanamume Aliyepambana na Tope

Oktoba 1955, katika ua wa jumba la Ohara Kaikan mtaa wa Aoyama, Tokyo, mwanamume wa miaka 31 alivua nguo akabaki na bukta tu, akalisogelea rundo la tope. Halikuwa tope la barabarani. Ulikuwa udongo wa kukandikia kuta, ule ambao mafundi wa Japani tangu kale huuchanganya na mabua yaliyokatwakatwa na kuukandika juu ya fito za mianzi. Aliyewahi kuona nyumba ikikandikwa kijijini anaijua kazi hiyo bila kuelezwa. Udongo wa siku hiyo ulikuwa umetiwa saruji na changarawe pia, kwa hiyo ulikuwa mzito na wenye meno. Yule bwana akajitupa ndani. Akaukumbatia, akaupiga mateke, akausukuma kwa mabega, akabingirika nao mpaka haikujulikana mwili unaishia wapi na udongo unaanzia wapi. Alipoinuka, ngozi yake ilikuwa na michubuko na mikwaruzo. Tope likaachwa palepale na alama zote za mapambano, nalo likawa kazi yake katika maonyesho hayo.

Kazi hiyo aliipa jina la Doro ni idomu, ambalo tunaweza kulifasiri kuwa "Kulitaka Tope Mapambano". Jina lake mwenyewe ni Kazuo Shiraga.

Picha za tukio hilo zimezunguka dunia nzima, na mara nyingi zinatolewa kuonyesha jinsi wasanii wa kisasa wanavyoweza kufanya vituko. Nadhani huko ni kumpunja. Shiraga alikuwa na swali zito, na alilishika maisha yake yote: nguvu za mwanamume ni za nini, baada ya taifa zima kuzitumia kwa maangamizi na kushindwa? Alilifuata swali hilo kwa udongo, kwa magogo, kwa vazi la ngoma ya kale, kwa ngozi ya mnyama, na mwishowe kwa moto wa hekaluni. Inafaa tumfuate polepole, kwa sababu hatua zake zilikuwa za polepole.

Alizaliwa tarehe 12 Agosti 1924 Amagasaki, mji wa viwanda ulio kati ya Osaka na Kobe. Alikuwa mtoto wa kwanza wa kiume katika familia ya wauza vitambaa vya kimono. Duka la namna hiyo ni mahali pa hariri, na hariri hushikwa kwa ncha za vidole. Mtaani kulikuwa na mambo mengine. Kila mwanzo wa Agosti, katika sikukuu ya hekalu la Kifune, wanaume wa Amagasaki huburuta magari makubwa ya mbao yaitwayo danjiri, yaliyojaa nakshi, kisha huyagonganisha. Magari mawili hukabiliana uso kwa uso, yakainuliwa kwa mbele, na kila kundi hujitahidi kulikandamiza la wenzake mpaka liende chini. Kengele na ngoma havinyamazi. Mtu akizubaa, anaumia. Ukubwani, Shiraga alipoulizwa mapenzi yake ya vitu vikali yalitoka wapi, alizikumbuka sikukuu za utotoni na damu aliyoiona ikimwagika.

Mwaka 1942 aliingia chuo cha uchoraji cha jiji la Kyoto kusomea nihonga, uchoraji wa jadi wa Kijapani. Ni sanaa ya subira. Rangi hutokana na madini yaliyosagwa, zikachanganywa na gundi inayochemshwa kutoka ngozi za wanyama, na mkono wa mchoraji lazima uwe mwepesi kwa sababu mstari uliokosewa hauna pa kufichwa. Shiraga aliisoma sanaa hiyo mpaka akahitimu, ila hakuipenda mguso wake. Aliiona kavu. Alitaka kitu kinachonata, kinachovutika, kinachompinga mtu anapokigusa.

Masomo yalikatizwa na vita. Mwaka 1944 aliitwa jeshini. Askari wa wakati huo walilelewa kwa maadili yaliyoandikwa katika kijitabu cha mwaka 1941, Senjinkun, kilichomtaka mwanajeshi asikubali kuishi na fedheha ya kutekwa. Kwetu tungesema: ufe kiume. Uanaume ulikuwa mali ya dola. Ulipimwa kwa utii, kwa safu iliyonyooka, kwa kifo kilichopangwa na mwingine. Kisha, tarehe 15 Agosti 1945, siku tatu baada ya Shiraga kutimiza miaka 21, redio ikatangaza kwamba Japani imesalimu amri.

Ni vigumu kueleza mporomoko uliofuata. Osaka na Amagasaki zilikuwa zimepigwa mabomu. Aliyeagwa kishujaa alirudi na sare iliyochakaa, akakuta watu wanampisha njia bila kumtazama. Michezo ya jadi ya mapigano ikapigwa marufuku shuleni. Tarehe 1 Januari 1946 mfalme mwenyewe, ambaye kwa jina lake watu walikuwa wakifa, alitangaza kwamba yeye si mungu. Kijana aliyekuwa ameambiwa tangu utotoni kwamba mwili wake si wake, sasa alirudishiwa mwili huo bila maelezo ya matumizi.

Mwaka 1948 Shiraga alihitimu, na mwaka huohuo akamwoa Fujiko Uemura, msichana wa miaka ishirini hivi. Msomaji alishike jina hilo.

Akaiacha nihonga, akashika rangi ya mafuta. Mwaka 1952 alianzisha kikundi cha Zero pamoja na Akira Kanayama, Saburo Murakami na Atsuko Tanaka, vijana waliotaka kuanza tena kutoka sifuri. Ukizitazama kazi zake za miaka hiyo kwa mfululizo, utaona akivitupa vyombo kimoja baada ya kingine. Brashi iliondoka. Kisu cha rangi kikaondoka. Akachora kwa viganja, kwa vidole, kwa kucha. Hata mkono aliuona umesomeshwa mno: mkono wake ulikuwa umefunzwa Kyoto kwa miaka, ulijua kupendeza. Mwaka 1954 akavua viatu.

Namna yake ilikuwa hivi. Turubai au karatasi kubwa hulazwa sakafuni. Darini hufungwa kamba imara inayoning'inia juu yake. Rangi humwagwa au hulundikwa mafungumafungu, nyingi kuliko mchoraji wa kawaida angetumia kwa mwezi. Shiraga huishika kamba kwa mikono miwili, hupanda juu ya rangi pekupeku, na kuanza kuteleza, kuzunguka, kusukuma kwa kisigino, kukokota kwa vidole. Bila kamba angeanguka hatua ya kwanza. Rangi ikikauka hubaki na matuta na mifereji yenye kina, na ukiinama karibu unaona mahali kisigino kilipozama kikageuka, mistari myembamba ya vidole ikiandamana, na ukingoni rangi iliyokunjamana kama ngozi ya maziwa ya moto. Rangi aliyoipenda ni nyekundu iliyoiva, ile tunayoiita damu ya mzee.

Mwaka 1955 vijana hao wa Zero walijiunga na Gutai, chama cha wasanii kilichoanzishwa mwaka uliotangulia mjini Ashiya na Jiro Yoshihara, mfanyabiashara wa mafuta ya kula aliyekuwa pia mchoraji. Neno lenyewe huandikwa kwa herufi mbili, moja ya chombo na nyingine ya mwili. Yoshihara aliwadai vijana wake jambo moja kwa ukali: wafanye ambalo hakuna aliyewahi kulifanya. Julai mwaka huo walitandaza kazi zao nje, kwenye msitu mdogo wa misonobari wa Ashiya, kwa siku 13 usiku na mchana. Shiraga alisimamisha magogo aliyoyapaka rangi nyekundu, yakaegemeana juu kama paa la msonge, akaingia katikati yake na shoka, akayachanja kwa ndani. Mtazamaji alikaribishwa aingie ndani, ainue macho, aone majeraha ya mbao na anga juu yake. Kazi hiyo iliitwa "Karibuni Ndani". Jina lina adabu ya mwenye nyumba, kuta zina makovu ya shoka. Miezi mitatu baadaye ndipo likaja tope la Tokyo.

Katika maandishi yake ya miaka hiyo, Shiraga alilirudia sana neno shishitsu, yaani maumbile ya ndani anayozaliwa nayo mtu na yanayompambanua na wengine. Aliona kwamba kazi ya msanii ni kuyagundua maumbile hayo na kuyasukuma mpaka mwisho, akiwa na mwili wake wote. Ukilisoma neno hilo ukiwa na Senjinkun kichwani, unaelewa lilikuwa na uzito gani. Jeshi lilitaka miili milioni iende kwa hatua moja. Shiraga alitaka hatua isiyoweza kuwa ya mtu mwingine yeyote, na nyayo ni ushahidi mgumu kughushi.

Hata hivyo hakuwa mtu wa kuukimbia utamaduni wake, na hapa ndipo wengi wanapomkosa. Mei 1957, Gutai walipopanda jukwaani katika ukumbi wa Sankei, Osaka, yeye alichagua ngoma ya Sanbaso. Katika tamthilia za Noh kuna tendo liitwalo Okina ambalo wenyewe hulihesabu kuwa ibada kuliko mchezo. Ndani yake yumo Sanbaso. Kwanza hukanyaga ardhi kwa vishindo. Kisha huvaa kinyago cheusi cha mzee, akashika kengele na kuzitikisa kama mkulima anayepanda mbegu. Hukanyaga ili ardhi iamke, hupanda ili mavuno yaje. Kwa karne nyingi ngoma hiyo ilikuwa mikononi mwa wanaume, baba akimrithisha mwana.

Mtu aliyechora kwa miguu alikuwa na kila sababu ya kuipenda ngoma ya miguu. Shiraga alitokea na vazi jekundu, kofia iliyochongoka, na mikono ya nguo iliyorefushwa mno kupita vidole vyake. Kila alipourusha mkono, kitambaa kilikata hewa na kuacha mchirizi mwekundu machoni mwa watu. Aliiita "Sanbaso ya Kisasa Kupindukia". Kwangu mimi hii ndiyo kazi yake inayofungua nyingine zote. Ukishamwona Sanbaso akikanyaga, huwezi tena kuitazama miguu ya Shiraga juu ya turubai kama fujo. Nguvu ileile iliyofunzwa kuua, kumbe nyumbani kwake ilikuwa na kazi ya zamani zaidi: kuiamsha ardhi.

Lakini hakufika huko mara moja, wala hakukaa huko. Mwaka 1957 mhakiki wa Kifaransa Michel Tapié alizuru Japani, na kazi za Gutai zikaanza kusafiri ng'ambo. Michoro iliyokuwa haina majina sasa ilihitaji majina. Kuanzia 1959 Shiraga aliyachukua kutoka Suikoden, riwaya ya Kichina ya majambazi 108 wanaoasi watawala wala rushwa na kujificha kwenye kinamasi. Kila mmoja ana nyota yake na jina lake la kupanga. Wajapani waliwajua kwa sura tangu mwaka 1827, Utagawa Kuniyoshi alipoanza kuchapisha picha zao zilizojaa chale za rangi mwilini, picha ambazo wazima moto na vibarua wa mji wa Edo walizipenda hata wakajichora chale hizohizo migongoni. Suikoden kilikuwa kitabu cha uanaume wa watu wa chini: wenye hasira, wenye kiapo, wasiopiga magoti. Mtafiti Namiko Kunimoto, aliyeichunguza kwa kina picha ya shujaa katika kazi za Shiraga, ametusaidia kuuona uhusiano wa ushujaa huu na vita vilivyopita. Mimi naongeza kwamba kuna hatari hapo. Jambazi shujaa bado ni mtu wa damu, na nyekundu ya Shiraga katika miaka hiyo haikuwa na utulivu.

Mwaka 1963 nyekundu hiyo ikafika mahali pa kutisha. Shiraga alikuwa amevutiwa na uwindaji. Alichukua ngozi ya nguruwe mwitu yenye manyoya yake, akaibandika juu ya ubao, akaipaka na kuimwagia rangi nyekundu na kahawia mpaka ikafanana na mnyama aliyeuawa dakika hiyo. Kazi hizo ziliitwa "Kuwinda Nguruwe Mwitu". Mojawapo imo katika jumba la sanaa ya kisasa la Tokyo, ina upana wa mita mbili hivi. Manyoya yamegandamana, rangi imeganda kama damu iliyokauka kwenye mwamba. Hakuna mwili wa mwindaji. Kilichobaki ni alichokifanya. Kila nikiitazama picha yake naona mtu aliyefika ukingoni akachungulia.

Miaka iliyofuata nyayo zikapungua. Akaanza kutumia vibao virefu vya kukwangua, akivisukuma juu ya rangi kwa mizunguko mipana. Na mwaka 1971 akapanda mlima Hiei, juu ya Kyoto, akatawazwa mtawa wa madhehebu ya Kibudha ya Tendai katika hekalu la Enryakuji. Alipewa jina la kitawa Sodo.

Mlima huo si mahali pa mzaha. Hekalu lake lilianzishwa na mtawa Saicho mwaka 788, na hadi leo wapo watawa wake wachache wanaofanya zoezi la kutembea milimani siku elfu moja, zilizogawanywa katika miaka saba. Ulikuwa pia mlima wa wanaume. Wanawake walizuiwa kuukanyaga mpaka mwaka 1872, serikali ilipofuta marufuku ya namna hiyo nchi nzima. Aliyetaka kuwa mtawa alijifunza kuketi mbele ya moto wa goma, ambamo vijiti vya maombi huchomwa kimoja kimoja huku mantra zikisomwa.

Mbele ya moto huo mara nyingi huwa kuna sanamu ya Fudo, mlinzi wa Kibudha aitwaye Asiyetikisika. Anakaa juu ya mwamba, uso umekunjamana kwa ghadhabu, ndimi za moto nyuma yake. Mkono wa kulia una upanga wa kukatia ujinga. Mkono wa kushoto una kamba, ya kuwavuta wale wanaopotea. Mtu aliyeshika kamba kwa miaka mingi juu ya rangi inayoteleza, alifika juu ya mlima akakuta kamba mkononi mwa Fudo. Ghadhabu nayo ilikuwepo, haikufutwa, ila ilikuwa imeketi. Shiraga alimchora Fudo kwa njia yake isiyo na sura, akaendelea kusali kwake kabla ya kuanza kuchora. Baadaye alirudi kwenye miguu, akaendelea hata uzeeni.

Nimesema jina la Fujiko lishikwe. Fujiko Shiraga alikuwa msanii kamili, mwanachama wa Gutai kama mumewe. Katika maonyesho yaleyale ya msitu wa Ashiya mwaka 1955, wakati Kazuo akichanja magogo, yeye alilaza chini ya misonobari ubao mrefu mweupe uliopitiwa na ufa mmoja wa kupinda, toka mwisho hadi mwisho. Aliupa jina la "Ubao Mweupe". Kazi zake nyingine zilikuwa za washi, karatasi ya mkono inayotengenezwa kwa nyuzi za ganda la ndani la mti. Aliichana, akaibandika tabaka juu ya tabaka, mipasuko ikawa ndiyo michoro. Ni kazi za kimya zenye nguvu nyingi, na naziweka bega kwa bega na zile nyekundu za mumewe bila kusita.

Mwaka 1961 aliacha. Aliona kazi ya mumewe inamhitaji. Tangu hapo, Kazuo anapokuwa hewani ameshika kamba, Fujiko yuko pembeni na kopo: ndiye anayemwaga rangi, anayeweka fungu hapa na jingine pale. Mtu anayening'inia hawezi kuinama kuokota kitu. Ilibidi mwingine ajue, kabla hajaambiwa, mguu unataka kwenda wapi.

Sitaki kuligeuza jambo hili kuwa hadithi tamu ya mke mwema. Sanaa ya Japani ilipoteza msanii mwaka ule, na hasara hiyo haijalipwa na sifa za mumewe. Vilevile sitaki kumfanya Fujiko mtu aliyefutwa, kwa sababu alama zake zimo ndani ya kila turubai kubwa la baada ya 1961. Tunachokiona kwenye kuta za majumba ya sanaa na kukiita nguvu za kiume ni kazi ya miguu ya mtu mmoja na mikono ya mwingine. Shiraga alianza kwa kulipiga tope peke yake huku watu wakitazama. Alimaliza akiwa mzee aliyeshikiliwa na kamba, akisali kwanza, akipewa rangi na mkewe. Mimi naamini huyu wa pili ndiye mwanamume mwenye nguvu zaidi.

Dunia ilichelewa kuwajua. Kazuo alikuwa na maonyesho yake Paris, kwenye Galerie Stadler, tangu mwaka 1962, lakini chama cha Gutai kilivunjika mwaka 1972 baada ya kifo cha Yoshihara, na kwa miaka mingi vitabu vya Magharibi vilikitaja kwa sentensi moja au mbili. Kazuo alifariki Amagasaki tarehe 8 Aprili 2008. Mwaka 2013 jumba la Guggenheim la New York liliwapa Gutai maonyesho makubwa, na mwaka uliofuata mchoro wake wa 1969, Gekidou Suru Aka, uliuzwa mnadani Paris kwa zaidi ya euro milioni 3. Huko kwao Amagasaki kuna chumba cha kumbukumbu yake.

Ukikutana na picha ya Shiraga akizunguka kwenye kamba juu ya rangi nyekundu, usiharakishe kugeuza ukurasa. Tazama pembeni mwa turubai, mtafute aliyeshika kopo. Alifariki mwaka 2015, miaka saba baada ya mumewe.